Basi la Songea Likitoweka Kwenye Ramani, Nani Alaumiwe?

Sisi tunaotokea Ruvuma tunaijua safari ya kwenda chuo: basi linaondoka Songea alfajiri, linapita Lukumburu, Njombe, Makambako, Iringa, ndipo mbele ya safari uione Dar. Humo ndani kuna kiboksi kidogo kilichofichwa. Ni sehemu ya VTS, mfumo ambao Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inautumia kufuatilia mwendo wa mabasi. Suka akizidisha kilomita 80 kwa saa, ofisini wanaona.

Sasa kiboksi kikikaa kimya, je, dereva kachomoa waya au kifaa kimezingua chenyewe? Kujibu bila kupima ni kumwonea mtu. Na kumwacha aliyechomoa kweli ni kucheza na roho za abiria.

Kiboksi kina kazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Kipokezi cha GPS kinasikiliza tu satelaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200. Hakitumi kitu huko. Anayetuma ni modemu, yenye laini kama ya simu yako, inayopeleka mahali na mwendo kwenye seva kupitia minara. Kwa hiyo mtu akisema "GPS imekufa", tatizo linaweza kuwa umeme, anga au mtandao. Pima kwa mpangilio huo.

Umeme. Mabasi makubwa mengi yanatumia volti 24. Chukua multimita, pima kwenye plagi ya kifaa chenyewe, si kwenye betri. Pima injini ikiwa imezimwa, ikiwa inaunguruma, na pale stata inapozungusha. Volti ikishuka mno hapo, kifaa kinajizima na kuanza upya. Kagua fyuzi, na waya wa ethi usiwe umefungwa juu ya rangi au kutu.

Anga. Ukiwa gereji Lizaboni, litoe basi chini ya bati, liegeshe peupe. Kifaa kilichozimwa muda mrefu kipe hata robo saa. Kinahitaji satelaiti nne: tatu kwa ajili ya mahali, ya nne kusahihisha saa yake, maana kukosea sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kukosea mita 300. Kisha linganisha na simu yako. Songea iko karibu nyuzi 10.7 kusini na 35.65 mashariki. Ukiona sifuri na sifuri, satelaiti hazijapatikana, na ramani italiweka basi baharini, Ghuba ya Guinea. Alama ya kusini ikipotea, basi litaonekana magharibi mwa Ethiopia. Hapo usibadilishe antena, kagua programu.

Mtandao. Hamishia laini kwenye simu. Inashika? Ina bando? Kama iko fiti, hakiki APN iliyowekwa kwenye kifaa, kisha antena ya modemu kama imekaza.

Baada ya hapo soma kumbukumbu za seva, maana kimya hakifanani. Vifaa vingi huhifadhi taarifa mahali pasipo na mnara na kuzituma baadaye. Pengo la milimani likijazwa basi linapofika Njombe, huo ulikuwa mtandao. Taarifa zikifika bila mahali, shuku antena ya GPS. Kifaa kikiripoti kwa betri yake ndogo kwamba umeme wa gari umekatika, fuata waya. Hata hapo, waya uliokatwa kwa kisu na fyuzi iliyoungua si ushahidi mmoja.

Angalia na saa. Seva nyingi hutunza muda wa UTC, ambao uko nyuma yetu kwa saa tatu: saa 12 asubuhi ya Songea huandikwa 03:00. Kwenye basi lenye madereva wawili wanaopokezana, kusahau hilo kunatosha kumbebesha mmoja mwendokasi wa mwenzake.

Kwa wenzangu wa uhandisi mnaokwenda fildi: andikeni kila kipimo, saa yake na mahali pake. Kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba dereva kachezea kifaa, hakikisha majibu ya umeme, anga na mtandao yapo mezani. Kibarua cha mtu kinaning'inia hapo, na usalama wa abiria zaidi ya hamsini pia.