Pampu ya Umeme kwa Gari Iliyofungwa Kabureta

Mwezi huu hatuandiki habari za mitihani. Tunaandika habari za gari, kwa sababu vijana wetu kadhaa wanajifunza ufundi garajini, na pia kwa sababu tuliona kitu kikatuogopesha.

Mzee mmoja jirani hapa Nyakabuye ana gari ndogo ya zamani, ya injekisheni. Kompyuta yake ilikufa. Kununua nyingine ni pesa nyingi, basi mafundi wakaondoa injekisheni wakafunga kabureta, kama wanavyofanya mafundi wengi huku kwetu. Lakini esansi itafikaje kwenye kabureta? Wakaning'iniza bidoni juu ya mashine, mpira ukashuka mpaka chini. Gari ikawaka. Tunamaanisha mashine iliwaka, Mungu asifiwe, siyo gari yenyewe! Na watoto wa shule walikuwa wanapanda humo.

Tukauliza: kwa nini msitumie pampu ileile ya zamani, si iko ndani ya tangi? Hapo ndipo somo letu la presha likapata kazi. Pampu ya injekisheni inasukuma kwa presha ya 35 mpaka 45 psi hivi. Kabureta inataka 3 mpaka 6 tu. Mfikirie tairi la gari ndogo, ambalo hujazwa kama 30. Ndani ya kabureta kuna boya na sindano ndogo inayofunga esansi ikishajaa. Presha kubwa inaisukuma ile sindano, esansi inamwagika juu ya mashine, na ekzosi yenye moto iko hapo karibu. Pampu ya zamani ya kusukumwa na mashine nayo mara nyingi haiwezekani, maana mashine nyingi za injekisheni hazikutengenezewa mahali pa kuifunga.

Kwa hiyo dawa ni pampu ya umeme ya presha ndogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya kabureta. Vijana, ukienda dukani usiseme tu "nipe pampu". Soma presha iliyoandikwa.

Kabla ya kugusa kitu, toa waya wa minasi kwenye betri. Gari iwe nje, mbali na mbabula na sigara, na mchanga uwe tayari. Esansi ikishika moto usimwagie maji, maana inaelea juu yake na moto unasambaa. Ile pampu ya zamani itolewe ndani ya tangi na paunganishwe bomba tupu, la sivyo itaziba njia. Pampu mpya hufungwa nyuma, karibu na tangi na chini kiasi, kwa sababu ni hodari wa kusukuma kuliko kuvuta. Tena ukishuka Bugarama kwenye joto, esansi inayovutwa kutoka mbali hugeuka mvuke ndani ya bomba, gari inazima njiani. Chujio litangulie pampu. Mpira uwe wa esansi kweli, siyo ule mweupe wa maji, na kila mwisho ukazwe kwa kibano. Bomba la kurudisha esansi kwenye tangi likiwa bado zima, liacheni lifanye kazi.

Sasa umeme, na hapa wazazi wenye magari wasikilize. Waya wa pampu upite kwenye fyuzi na rilei. Wengi wanauunga kwenye kontakti halafu wanaenda nyumbani. Gari ya injekisheni ikizimika, kompyuta yake huikatia pampu umeme. Sasa kompyuta haipo tena. Gari ikigonga na mpira ukakatika huku kontakti iko wazi, pampu itaendelea kumwaga esansi chini kwenye watu. Fundi mzuri huunga rilei kupitia swichi ya presha ya oili: mashine ikisimama, oili inakosa presha, pampu inasimama. Ile swichi ya taa ya oili peke yake haitoshi, maana inafanya kinyume, inafungua njia ya umeme presha inapopanda. Itafutwe iliyo maalumu kwa kazi hiyo.

Gari ya yule mzee ilichukua siku mbili. Mara ya kwanza mpira mmoja ulivuja tone kwa tone, vijana wakazima, wakakaza, wakaanza upya. Tulikaa tunatazama dakika 10 nzima mashine inazunguka, tunapapasa kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kilibaki kikavu. Mzee alichukua bidoni yake akasema ataiosha vizuri, iwe ya kuchotea maji ya kufulia. Tulimwambia hapana, harufu ya esansi haitoki, tena watoto watayanywa. Bidoni ilibaki garajini.