Lakabu za Washairi na Suala la Umalenga: Kutoka Mvita hadi Karagwe

Lakabu ni jina ambalo mtunzi hujipa au hupewa na hadhira yake, akajulikana kwalo kuliko jina alilozaliwa nalo. Mfano mashuhuri duniani ni wa Samuel Langhorne Clemens (1835–1910), mwandishi wa Marekani. Baada ya kujaribu majina mengine, likiwamo Thomas Jefferson Snodgrass, mwaka 1863 alianza kutumia jina la Mark Twain. Maneno hayo ni ya mabaharia wa mto Mississippi, nayo humaanisha kina cha pima mbili, yaani maji yanayotosha meli kupita salama. Hilo ndilo jina lililobaki katika majalada ya vitabu vyake.

Katika ushairi wa Kiswahili, lakabu aghalabu haimfichi mtunzi, bali humtangaza. Katika malumbano ya kishairi magazetini, mtunzi huhitaji jina ambalo mpinzani wake atalijibu. Kwa mfano, Amiri Andanenga alijulikana kama Sauti ya Kiza. Aidha, yapo majina yanayofungamana na mahali. Ahmad Nassir alitoa diwani ya *Malenga wa Mvita* (1971), Mwinyihatibu Mohamed *Malenga wa Mrima* (1977), na Boukheit Amana *Malenga wa Vumba* (1982). Mahali pote patatu ni pa pwani.

Swali linalozuka ni hili: je, umalenga ni mali ya pwani pekee? M. M. Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, na K. K. Kahigi, naye wa bara, walilijibu kwa jina la diwani yao, *Malenga wa Bara* (1976). Miaka mitatu baadaye, katika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* (1979), waliutetea ushairi usiofungwa na vina na mizani. Kwa hiyo jina la diwani ya kwanza halikuwa pambo. Lilikuwa hoja iliyotangulia hoja.

Hoja hiyo ina uzito kwa mwanafunzi wa Bugene, wilayani Karagwe, ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kinyambo. Wanyambo na Wahaya wana jadi ya majigambo, ambayo wataalamu wa fasihi simulizi huyaita pia vivugo. Humo mtambaji hujitaja kwa majina ya sifa na ushujaa mbele ya hadhira. Mtu wa bara, basi, haanzi mikono mitupu anapojipa jina katika ushairi wa Kiswahili. Anakuja na jadi yake ya kujitaja.

Hata hivyo, lakabu ina hatari yake. Shairi lililotiwa saini ya lakabu pekee hupoteza mwenyewe pindi wanaomfahamu wanapofariki. Kwa Clemens hatari hiyo haikuwapo, kwa kuwa majina yake yote mawili yaliandikwa na kuhifadhiwa. Kwa washairi wengi wa magazetini, kazi hiyo bado inawasubiri watafiti: kuoanisha lakabu, jina halisi na mahali, wangali hai wanaoweza kuulizwa.