Usitupe Hiyo Paketi ya Maziwa: Mche Unaanzia Hapo

Wasee wa plot, leo tubonge miche. Mtu akiamua kupanda mboga kwa balkoni, stori yote inakuwanga ya mbegu: gani ni noma, gani inazaa mbio, agrovet gani haiuzi feki. Poa, mbegu ni ya maana. Lakini mbegu fiti ukiitupa kwa chombo mbaya, mche unakufia kabla ufikishe majani manne, na doh yako imeenda hivyo. Mi msimamo wangu ni huu: kwa keja za Umoja, Kayole ama Pipeline, chombo ndo kinaamua. Na hicho chombo haulazimiki kukinunua.

Anzia kwa matundu, juu hapo ndo miche mingi hufia. Mizizi inapumua. Maji ikikosa njia ya kutoka inatulia pale chini, hewa inaisha, alafu kuna fangasi inapenda hiyo hali sana. Utaitambua hivi: jioni umeacha mche umesimama, asubuhi unaupata umelala. Uinue pole pole ucheki shina pale inapogusana na udongo. Imekuwa nyembamba ka uzi, imegeuka hudhurungi, na ukiivuta kidogo inakatika. Ukiona hivyo, huo mche sare nao. Wengi wanadhani ni jua imeuchapa, wanaongeza maji, na wanamaliza hata ile ilikuwa imepona. Kwa hivyo chombo bila tundu chini si chombo, ata kiwe kisafi aje. Plastiki ngumu unaitoboa na msumari uliopashwa moto kwa jiko, ukiushika na koleo, na ufanyie hiyo kazi nje ndo usivute moshi.

Baada ya matundu, cheki kina. Sukuma na spinachi ziko sawa na sentimita tano za udongo, juu zinakaa hapo kitu wiki nne tu alafu zinahama. Nyanya nayo ni wiki nne adi sita, na hoho inaeza gonga wiki nane kabla iwe tayari, so hizo mbili zipee sentimita nane ama kumi. Mzizi ukifika chini mapema unaanza kujizungusha, na hiyo tabia ya kujizungusha mche unahama nayo adi shambani.

Alafu kitu wasee husahau: huo mche utautoaje? Chombo chenye mdomo mwembamba na tumbo kubwa kitakufanya uvute shina, na mizizi inabaki ndani. Unataka kitu utakata, utachana, ama utapindua mche utoke na udongo wake wote.

Hapo ndo paketi ya maziwa ya nusu lita inawashinda wote. Nasema ile laini ya plastiki, ile iko kwa kila kibanda mtaani. Mifuko ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini paketi za maziwa zikabaki, na bado tunaziona kwa mitaro kila mvua ikinyesha. Ziokoe. Fungua ile upande wa juu yote na makasi, osha na sabuni mara mbili, juu mafuta ya maziwa ikibaki ndani inanuka na inaita siafu. Anika ikauke. Sasa kata zile kona mbili za chini, kipande kidogo tu, ka ukucha wa kidole kidogo. Hizo ndo matundu zako. Kunja mdomo nje mara moja ndo paketi isimame, jaza udongo, alafu zipange zikibanana kwa karai nzee iliyotoboka ama kreti, juu ikiwa peke yake itaanguka. Siku ya kuhamisha unachana upande mmoja na wembe na mche unatoka na bonge lake la udongo, mizizi haijashtuka. Kwa nyanya sijaona kitu ya bure inaifikia.

Vikombe vya yoghurt pia viko fiti, hasa vile vikubwa, ila vile vya kuonyesha ndani vifunike na gazeti kwa pande, juu mwanga ukiingia mwani inamea hapo. Trei ya mayai ya karatasi nayo imesifiwa kupita kiasi. Inakunywa maji yote, saa sita mchana ishakauka, na vile vishimo vyake ni vifupi. Itumie tu kuotesha mbegu, zikitoa majani mawili za kwanza uzihamishe. Ganda la yai linapendeza kwa picha, lakini ni dogo sana. Liponde uchanganye na mbolea.

Uko na doh kidogo? Agrovet wanauza trei za miche za matundu 66, 128 ama 200. Trei zenyewe hutoshana kwa ukubwa, so matundu yakiwa mengi kila moja inakuwa ndogo, na ndogo inakauka mbio. Msee wa mboka, mwenye anatoka keja saa kumi na moja asubuhi na kurudi usiku, achukue ya 66. Ya 200 inataka mtu wa kushinda hapo akinyunyiza. Na shika zile ngumu, zile nyepesi zinapasuka mapema.

Cheki pia mche unaenda wapi. Ka unapanda kwa gunia, ile staili ilishika Kibera sana kutoka 2008 wakati shirika la Ufaransa, Solidarités, lilileta mradi wa magunia huko, mche utaingia kwa tundu dogo la pembeni. Bonge la paketi ya maziwa halitapita hapo. Kwa gunia, mwaga mbegu za sukuma kwa mtungi wa mafuta wa lita tano uliokatwa kwa upana, alafu uchomoe miche moja moja jioni, udongo ukiwa na maji.

Mtungi ama kopo iliyokuwa na dawa ya wadudu, usiguse. Ata uoshe mara ngapi. Hii ni chakula ya watoi wako. Karoti na dania nazo usizianzishie kwa chombo ya kuhama, zina mzizi mrefu haupendi kusumbuliwa. Zipande pale zitakaa.

Rangi nayo? Chombo cheusi kinabeba joto. Julai, Nairobi ikiwa baridi, hiyo inasaidia mbegu kuamka. Januari kwa balkoni inayopigwa na jua la mchana, hiyo hiyo inachoma mizizi, so isukume kwa kivuli.

Mvua ndefu inaanza Machi, kumaanisha miche ya kupanda hapo inataka kuwa kwa chombo Februari. Kuanzia leo, kila paketi ya maziwa ikiisha kwa keja yako, ioshe na uiweke. Ambia na jirani wa next door akuwekee zake.