Je, Wajua? Mtamba Mmoja Hupita Nyumba kwa Nyumba

Shirika la Heifer International, linalowasaidia wakulima na wafugaji maskini vijijini, lilianzia kwenye kikombe cha maziwa. Dan West, mkulima wa Marekani, aliwagawia maziwa wahanga wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania miaka ya 1930, akaona kikombe kikiisha, njaa hurudi palepale. Heri kuwapa ng'ombe, aliwaza. Mwaka 1944 mitamba 17 walisafirishwa kwa meli hadi Puerto Rico.

Sharti la msaada huo ndilo lenye uzito. Anayepewa mtamba humtunza hadi azae, kisha ndama jike wa kwanza humkabidhi jirani mhitaji, naye jirani hufanya vivyo hivyo. Hivyo aliyepokea msaada huwa mtoaji, tena mbele ya kijiji kizima, na heshima hiyo si jambo dogo. Tanzania mpango wa aina hii hujulikana kama kopa ng'ombe, lipa ng'ombe.

Kabla ya kupokea mnyama, familia hufunzwa ufugaji, hujenga banda na kupanda majani ya malisho. Maziwa hunywewa nyumbani, yanayobaki huuzwa. Samadi hurutubisha migomba na mahindi, au huzalisha biogesi ya kupikia.