Watafiti Wasiokuwa Kwenye Ikama

Mwishoni mwa Januari 2025 amri ya kusitisha kazi zinazolipwa kwa misaada ya Marekani ilitoka Washington. Mpango wa BRILLIANT, uliowaunganisha wanasayansi wa nchi nane za Afrika kutafuta chanjo ya VVU kwa dola milioni 45 za USAID, shirika la misaada la Marekani, ukasimama wakati majaribio yakikaribia kuanza. Februari, Uingereza ikatangaza kwamba misaada yake itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Mwaka 2021 ilikuwa imeshaishusha kutoka 0.7 hadi 0.5. Mei, taasisi ya NIH ya Marekani ikasitisha utaratibu wa zamani wa kupitisha ruzuku kwa washirika wa nje.

Katika maabara zetu, wa kwanza kuguswa na makato ya namna hii ni mtafiti aliyemaliza uzamivu juzi. Profesa ana ajira ya chuo. Mwanafunzi ana ufadhili wa masomo yake. Huyu wa katikati ana mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na mshahara wake ni mstari katika bajeti ya mradi. Katika ngazi za utumishi za vyuo vyetu vya umma kuna mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi. Yeye hana ngazi. Mradi ukifa, hakuna hata barua ya kumpunguza kazi inayohitajika.

Na miaka hiyo ndiyo mtafiti anapoacha kujibu maswali ya msimamizi wake na kuanza kuuliza ya kwake. Kilifi, pwani ya Kenya, inaonyesha faida ya miaka hiyo. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilianza huko mwaka 1989, na kwa miaka mingi watafiti wake walisoma vinasaba vya virusi vya RSV vinavyowasumbua watoto wachanga, kazi isiyotangazwa redioni. Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, mashine za kusoma vinasaba zilikuwepo, lakini muhimu zaidi walikuwepo watu waliokwisha kuzoea kusoma virusi vya njia ya hewa, kukagua makosa ya usomaji na kufuatilia ukoo wa virusi kutoka mji hadi mji. Ujuzi huo haununuliwi wakati wa dharura. Unalelewa kabla, kwa mshahara unaolipwa kila mwezi hata pale jaribio linaposhindwa.

Naumia kuona mjadala wetu ukiishia kwenye lawama kwa wafadhili. Wamekata ghafla na wameumiza watu, hilo ni kweli. Lakini viongozi wa Afrika waliahidi mjini Khartoum, mwaka 2006, asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kenya ikaenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 kwa mfuko wa taifa wa utafiti, na kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Mpango wa DELTAS Africa, ulioanza 2015, ulilea kizazi kizima cha watafiti vijana barani, nao pia kwa fedha za London.

Sidai Hazina zetu zizibe pengo lote, haziwezi. Lakini chuo kitakachoingiza kwenye ikama yake nafasi tatu tu za watafiti wa namna hii katika baiolojia ya molekuli, kila moja ya miaka mitano na fungu lake la vitendanishi, kitakuwa na mtu wa kuwasimamia wanafunzi wa uzamili hata mwaka ambao Washington haijatuma kitu.