Kibaba Tulichokitupa (Sehemu ya Tatu)

Siku ya Unene Duniani, 4 Machi, imepita na kutuachia ushauri uleule: kuleni kidogo. Kidogo kiasi gani, hakuna aliyesema. Kalori tulizieleza katika sehemu mbili zilizotangulia. Leo ni zamu ya kipimo, kwani kilichotuponyoka ni kipimo kuliko chakula chenyewe. Pwani hii ilikuwa nacho: vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi. Posho ya mpagazi wa misafara ya karne ya 19 ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na Richard Burton, aliyeondoka pwani kuelekea Ujiji mwaka 1857, alikikadiria kuwa ratili moja na nusu, yaani karibu gramu 680. Kwa hesabu ya leo hizo ni kalori kama 2,400. Kwa kalori hizo mtu alibeba mzigo uliokaribia frasila mbili, zaidi ya kilo 30, akatembea tangu alfajiri.

Mtu atanijibu kwamba mpagazi yule aliteseka. Ni kweli, na kibaba kile kilipimwa kwa ubahili wa mwenye msafara, si kwa huruma. Lakini kilimwonyesha mlaji alichopewa na kazi iliyokingojea. Mwingine atasema kuhesabu kalori ni mambo ya Wazungu. Majedwali aliyatunga Mmarekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne hiyohiyo; kupima ni kwetu. Mpaka leo Waislamu wa Temeke hutoa fitri kwa pishi, na hakuna anayeikadiria kwa macho. (Ajabu yetu ndiyo hiyo: cha maskini tunakipima, cha kwetu tunakirundika.)

Chang'ombe sasa ina fundi anayechomelea vyuma mchana kutwa na karani anayeshinda kitini, nao wanapakuliwa sahani moja kwa mama ntilie, wali mlima. Jioni yule karani anaongeza zege: chipsi zilizoogelea mafuta, mayai mawili na soda ya mililita 350 yenye kalori karibu 150. Tusishangae basi kwamba wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, wakafika 28 mwaka 2015/16. Wapo wanaoona kupunguza sahani ni kumnyima mgeni heshima, au ni anasa ya wenye kushiba. Mgeni apewe, lakini heshima yake haikai kwenye ukubwa wa mlima. Na mwenye kipato kidogo ndiye anayepata hasara mara mbili, kwenye unga na kwenye dawa za presha. Kikombe kimoja kikae ndani ya gunia la mchele, na kijiko kando ya dumu la mafuta, kwani kijiko kimoja cha mezani kina kalori 120 hivi. Hayo mafuta yana makala yake, toleo lijalo.