Nyigu wa Uganda Aliyeokoa Kahawa ya Kenya

Mkulima wa kahawa akiona juu ya kichala cha matunda kitu cheupe kama unga wa mahindi ulionyunyizwa, hujua kwamba huo si unga bali ni wadudu. Wadudu hao huitwa vidung'ata. Jike huuchomeka mdomo wake katika kikonyo, akanyonya utomvu mchana na usiku. Maji matamu anayoyatoa huyaangukia majani, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Maua hukauka, na matunda machanga hupukutika.

Mapema katika miaka ya 1920 vidung'ata walizuka kwa wingi upande wa Thika, kisha wakaenea katika wilaya za kahawa zilizo mashariki ya Bonde la Ufa. Msiba huo haukuwa wa wenye kahawa peke yao. Wakati ule Waafrika wa sehemu za Thika na Kiambu walikuwa hawajaruhusiwa kupanda kahawa, lakini viazi vikuu na mbaazi katika mashamba yao viliingiliwa vile vile. Na hivyo vilikuwa chakula cha watoto, si mali ya kuuzwa ng'ambo.

Wataalamu wa wadudu walijua kwamba mdudu azidiye kupita kiasi mara nyingi ni mgeni, aliyewaacha adui zake katika nchi alikotoka. Basi ilibidi kwanza ijulikane ametoka wapi, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Vidung'ata ni wa namna nyingi, nao hufanana mno. Huyu wa Kenya alidhaniwa kwanza kuwa ni yule wa michungwa, aliyeenea duniani kote. Halafu akadhaniwa kuwa ni mwenzake wa Asia. Kwa kulifuata jina hilo, adui zake walitafutwa mpaka Philippines. Walioletwa kutoka mbali walifunguliwa mashambani, lakini hawakuleta nafuu iliyotarajiwa.

Sababu yake huonekana katika maisha ya adui mwenyewe. Yeye ni nyigu mdogo sana, urefu wake haufiki hata milimita tatu, wala hamwumi mtu. Jike humpapasa kidung'ata kwa vipapasio vyake, na akimtambua kuwa ndiye, humchoma na kutaga yai ndani ya mwili wake. Yai likianguliwa hutoka funza, ambaye humla mwenyeji wake kutoka ndani, polepole, mpaka libaki ganda gumu la rangi ya kahawia. Baada ya majuma mawili matatu hivi, kwa kadiri ya joto, nyigu mpya hutoboa tundu la mviringo katika ganda lile na kuruka. Yai ambalo halikupata mbegu ya dume huwa dume. Lililoipata huwa jike. Lakini nyigu wengi wa jamii hii ni wachaguzi wakubwa: funza wake akiwekwa katika mwili wa kidung'ata asiyemzoea, huenda akafa.

Mnamo mwaka 1935 Bwana R. H. Le Pelley alionyesha kwamba kidung'ata wa Kenya ni wa namna ya peke yake, naye akapewa jina la kitaalamu lenye neno kenyae. Jina likisha kusahihishwa, njia nayo ikabadilika. Mdudu huyo huyo alipatikana Uganda, ila huko alikuwa haba, wala wakulima hawakusumbuliwa naye sana. Nyigu wake pia alikuwa haba, kwa kuwa chakula chake kilikuwa kichache. Aliyekuwa akitafutwa ng'ambo ya bahari alikuwa jirani tu, ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 1938 nyigu wa Uganda waliletwa Kenya, wakazalishwa na kufunguliwa mashambani. Wa jamii ya Anagyrus ndio waliofanya kazi kubwa. Vidung'ata walipungua mwaka hata mwaka, katika kahawa na katika vyakula. Makisio yaliyotolewa mwaka 1959 yalisema kwamba nchi iliokoa pauni milioni 10, na gharama yote haikuzidi pauni 30,000.

Hata hivyo nyigu ana wapinzani wawili. Wa kwanza ni sisimizi, ambao hupenda maji matamu ya vidung'ata na kuwalinda kama mchungaji alindavyo ng'ombe wake, wakimfukuza kila ajaye. Kwa hiyo shina la mkahawa huzungushiwa utepe wa kitu chenye kunata, na matawi yanayogusa ardhi hukatwa, wasipate ngazi nyingine. Mpinzani wa pili ni mkulima mwenyewe anyunyizaye dawa kali bila kuangalia, kwani dawa hiyo humwua nyigu mwepesi kabla ya kumwua kidung'ata aliyejifunika nta. Afadhali kwanza atazame kichala: akiona maganda ya kahawia yenye matundu kati ya vidung'ata weupe, nyigu wamekwisha fika.